Nani Atampigia Hodi Biharusi Baada ya Fungate?



Nilipoolewa nikapelekwa Geita, mama zangu walinipa kila kitu: sanduku la kanga, udi, na somo wa kunifunda. Fungate ikaisha, somo akarudi Unguja. Mimi nikabaki Katoro, mji wa biashara na wachimbaji dhahabu, sina hata shangazi mmoja wa kumwendea.

Jirani yangu Mkristo naye alikuwa ameolewa karibuni. Mumewe alikuwa na duara machimboni. Duara likitoa, nyumbani nyama kila siku. Lisipotoa, haonekani wiki mbili na simu hapokei. Siku moja nikamwona mama mtu mzima anabisha hodi kwake, kabeba sukari. Wiki iliyofuata akaja tena na mzee mwanamume, wakamsubiri mume mpaka akarudi. Nikauliza, ni mama mkwe? Akacheka. "Hapana, ni wazee wetu wa kanisa."

Nilidhani mzee wa kanisa kazi yake ni kukusanya sadaka tu. Kumbe Walutheri wa KKKT huwachagua wazee wao wenyewe, wanaume kwa wanawake, na wazee hao ndio hutembelea nyumba za mtaani: nani mgonjwa, nani kafiwa, ndoa ipi inawaka moto. Mchungaji mmoja hawezi kufika kote. Africa Inland Church, ambalo mizizi yake kanda hiyo ni misheni ya Nassa ya mwaka 1909, nalo lina wazee. Jambo lenyewe ni la kale kwao: Waraka wa Yakobo, sura ya 5, humwelekeza mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba haya yako jirani na Shinyanga, ambako vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, kisa macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Katika nchi hiyohiyo, bibi mwenye mvi anapewa dhamana ya kuingia nyumba za watu na kusikilizwa.

Sisemi tuige ibada za wenzetu. Dini yetu imekamilika. Suratun Nisaa, aya ya 35, imetuelekeza kuweka waamuzi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, pakihofiwa mfarakano. Lakini ukiolewa mbali, watu wa upande wako wako ng'ambo ya bahari. Imamu yupo, ila biharusi gani atamweleza imamu mambo ya chumbani? Tunanyamaza, mpaka shauri linafika kwa kadhi au mahakamani, na mara nyingi likifika huko ndoa imekwisha kuvunjika.

Rai yangu ni hii. Kila msikiti uchague wanawake watu wazima wawili au watatu, majina yao yajulikane, nao wawe na nyumba za kutembelea, hasa za maharusi wageni. Sifa ya kwanza iwe kutunza siri. Anayetoa ya chumbani akayapeleka sokoni hafunguliwi mlango tena, wala hastahili kufunguliwa.

Nanyi mama zetu, kabla hamjajadili mahari, ulizeni: huko anakokwenda mtoto wetu, nani atampigia hodi?

Mimi wangu nilimpata kwa bahati, mama wa Kinyamwezi aliyeona sijafika darsani wiki mbili akaja kuniulizia. Alinikuta kitandani, mimba imeharibika, mume yuko safarini, na nyumbani kwetu sijamwambia mtu. Akanichemshia uji, akakaa na mimi mpaka Maghrib. Kesho yake akarudi.

Sipendi biharusi mwingine ategemee bahati kama yangu. Wabillahi tawfiq.