Mgeni wa Wapenzi wa Anga
Wapenzi wa anga wakipata mgeni, upesi humwuliza kama ana darubini. Mimi ningemwuliza kwao ni wapi. Akitoka Mbita, Homa Bay, huenda amekuja mwalimu. Wavuvi wa omena huwasha taa ziwani usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, nyavu hupumzika. Kwao hesabu ya mwezi ni ugali wa watoto.

Naye kijana wa Migori asidhani anga iko mbali naye. Setilaiti Uhuru ilirushwa karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970 (ya Wamarekani, kweli, lakini jina letu). Ndugu wenye darubini, mpeni mvuvi nafasi ya kusema, wala msimketishe nyuma.