Mchezo si Upuuzi: Funzo Kutoka kwa Wamaori

Wapo wenzetu katika kazi hii ya ualimu ambao, wakisikia kwamba lugha yaweza kufundishwa kwa mchezo wa mezani, hucheka. Hunena kwamba lugha ni sarufi, na sarufi ni ubao na chaki. Kete na kadi ni mambo ya watoto wasio na kazi. Sisi twasema wenzetu hao wamekosea, na kosa lao si dogo. Ili kulibainisha, natuwapeleke mbali, hadi Nyuzilandi, ambako jamaa za Wamaori huketi kuzunguka meza, wakirusha dadu na kuvuta kadi, ili wajifunze maneno ya kwanza ya lugha ya babu zao.

Msomaji atauliza: yawaje Mmaori ajifunze lugha yake mwenyewe? Haikuwa hivyo tangu asili. Sheria ya shule za wenyeji ya mwaka 1867 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na baadaye watoto wengi wakaadhibiwa kwa kusema Kimaori shuleni. Mtoto aliyechapwa akaja kuwa mzazi. Na mzazi huyo, kwa kumhurumia mwanawe, akamnyima lugha aliyochapiwa yeye. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wakahamia mijini kwa wingi, na huko Kimaori kikazidi kutoweka majumbani.

Wamaori hawakukaa kimya. Mwaka 1972 ombi lenye saini zaidi ya 30,000 lilifikishwa Bungeni, likitaka Kimaori kifundishwe shuleni. Mwaka 1982 vikaanza viota vya lugha, kōhanga reo, ambamo watoto wadogo hulelewa kwa Kimaori pamoja na wazee waijuao lugha. Mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi kwa sheria. Hayo ni mambo makubwa. Lakini kati ya bibi aijuaye lugha na mjukuu aipataye kiotani, yuko mzazi wa katikati aliyenyimwa. Huyo huona haya kufungua kinywa, na Wamaori wana neno la haya hiyo: whakamā. Ni vigumu kwa mtu mzima kukosea mbele ya mwanawe. Mchezoni, hata hivyo, kukosea hakumvunjii mtu heshima. Baba aliyeshindwa na binti wa miaka saba huchekwa, naye hucheka, kisha hutaka warudie. Je, ni darasa gani letu ambamo aliyekosa hutaka kurudia kwa hiari yake?

Tutaambiwa: mchezo huo wafundisha nini zaidi ya majina ya wanyama? Swali hili ni la haki. Mchezo wa kuonyesha picha na kutaja kurī, mbwa, na ika, samaki, ni kamusi iliyokatwa vipande tu, nasi hatuutetei. Lakini mchezo uliotungwa vyema hufundisha lile linalokishinda kitabu. Mchezaji atakaye kadi husema hōmai, yaani nipe mimi; akimwagiza mwenziwe ampe mtu mwingine, husema hōatu. Mwendo wa kitu, kuja au kwenda, umo ndani ya neno lenyewe, na mkono wauona. Kadhalika matamshi: irabu ni tano kama zetu, lakini urefu wake hubadili maana. Keke ni keki, kēkē ni kwapa. Aombaye keki akazivuta irabu ameomba kwapa, na meza nzima itamsahihisha kwa kicheko.

Tazameni tena neno hili "sisi", ambalo ndilo tunaloliandikia makala haya. Kwetu latosha neno moja. Mmaori hana budi kuchagua: tāua, mimi na wewe, māua, mimi na yule, wewe humo, tātou, sisi sote, nawe umo, mātou, sisi wengi, wewe humo. Mwanafunzi aweza kuyakariri hayo katika jedwali na bado akayachanganya. Lakini wachezapo wawili kwa wawili, kosa halifichiki: ukimwambia mpinzani kwamba tāua ndio tulioshinda, umekwisha kumgawia ushindi wako. Hakuna jedwali lifundishalo hivyo.

Wala ubao wa kuchezea si kitu kigeni kwa Wamaori. Mū tōrere ni mchezo wao wa jadi, wa watu wawili, kila mmoja na kete nne juu ya nyota yenye ncha nane. Ushindi ni kumzuia mwenzio asiwe na pa kwenda. Nasi tuna bao letu. Ni nani kati yetu aliyejifunza maana ya kunamua, kutakata na mtaji kwa kusoma kamusi? Maneno hayo aliyatwaa barazani kwa sababu aliyahitaji ili acheze.

Hapa ndipo lawama inapoturudia. Tunao wanafunzi wawezao kupanga ngeli zote bila kosa, lakini waketipo kucheza hawawezi kusema "zamu yako" wala "usinidanganye". Lugha wameipata, watu wa kusema nao hawakuwapata. Halafu twalaumu wazazi.

Hatusemi mchezo uchukue nafasi ya mwalimu. Mchezo uliofungiwa kabatini haufundishi, na mchezo unaochezwa kwa Kiingereza, neno la Kimaori likitupiwa hapa na pale, ni udanganyifu. Sharti letu ni moja: bila sentensi, kete isisogee. Kila mwanachama na atunge mchezo mmoja wa Kiswahili kwa sharti hilo, aucheze kwanza nyumbani kwake na watoto wake, kisha auleta katika mkutano wetu ujao. Anayecheka na aje acheze nasi. Akishindwa, atueleze kwa Kiswahili fasaha kwa nini ameshindwa.