Tarakilishi Kuukuu Si Takataka, na Mchezo Si Dhambi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuutunza mfumo endeshi wa Windows 10, ambao ulikuwa umetumika tangu mwaka 2015. Habari hiyo haikuwashtua wengi huku Msambweni, maana watu wana shughuli zao za bahari, za shamba na za dukani. Hata hivyo, ni habari inayozigusa shule zetu moja kwa moja. Tarakilishi nyingi zilizomo katika maabara za shule za umma zilitumika kwanza katika ofisi za watu, kisha zikatolewa msaada au zikauzwa kwa bei nafuu. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haizikubali rasmi mashine nyingi za namna hiyo. Inadai prosesa ya karibuni, ambayo kwa zile za Intel ni takriban kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Mashine ya mwaka 2013, ingawa ni nzima na haina kasoro, hufungiwa mlango.

Nachelea kwamba kutokana na jambo hili, tarakilishi nyingi zitauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na wanafunzi watabaki kuchora kibodi ubaoni. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Naandika nikiwa mchezaji wa michezo ya tarakilishi, tena wa miaka mingi. Najua kuna walimu watakaokunja uso wakisoma maneno hayo, kwa kuwa katika shule zetu neno mchezo ni jina jingine la uvivu. Nawaomba wanistahimili. Mchezaji asiye na fedha nyingi hujifunza jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalijui, nalo ni kwamba chombo hupimwa kwa kazi yake, si kwa umri wake. Mchezo nao hupimwa kwa fikra unazozidai, si kwa jina lake.

Tuanze na mashine yenyewe. Mwuzaji hodari atakwambia kwamba huwezi kufanya lolote bila kadi ya michoro ya bei ya juu. Kauli hiyo ina ukweli kwa michezo ya mbio za magari na ya kupigana risasi, lakini michezo ninayoipenda mimi, ile ya mikakati ya anga za juu, aghalabu huelemea upande mwingine. Mchezo wa Stellaris, uliotoka mwaka 2016, hupunguza mwendo unapofikia hatua zake za mwisho, kwa sababu prosesa huwa inakokotoa hesabu za sayari, wakazi na merikebu nyingi kwa pamoja. Kadi ya michoro hata iwe ya thamani gani haiwezi kuondoa mzigo huo. Kwa upande wa pili, Master of Orion wa mwaka 1993 uliundwa kwa mashine za mfumo wa DOS, nao hadi leo ungali unafikirisha kuliko michezo mingi yenye picha za kung'aa.

Mwalimu mkuu na apate funzo hapo. Kuandika barua, kutengeneza majedwali na hifadhidata, na kujifunza kuunda programu ni kazi zisizodai mashine ya fahari. Mara nyingi tarakilishi inayokokota huhitaji mambo mawili tu: kuongezewa kumbukumbu, kwa mfano kutoka gigabaiti 4 hadi 8, na kubadilishiwa diski ya kuzunguka kwa diski ya SSD isiyo na sehemu inayozunguka. Gharama ya mambo hayo mawili ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya mashine mpya.

Adui mkubwa wa tarakilishi katika ukanda wetu si umri wake bali ni mazingira. Upepo wa bahari huleta chumvi na unyevu, navyo hula viunganishi vya chuma polepole. Umeme nao hukatika ghafla na hurudi kwa kishindo. Shule itakayonunua mashine mpya kumi bila vifuniko, bila kifaa cha kudhibiti umeme na bila mtu wa kupangusa vumbi, itakuwa imenunua vyuma chakavu vya kesho kwa bei ya leo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na tarakilishi bila utunzaji hufa bila ugonjwa.

Sasa nije kwenye mfumo endeshi. Kuendelea kutumia Windows 10 kwenye mtandao bila marekebisho ya usalama ni kuacha mlango wazi usiku, hasa katika mashine zenye alama za mitihani na habari za watoto. Ni kweli kwamba Microsoft iliweka nyongeza ya muda kwa wanaojiandikisha, lakini nyongeza hiyo ina kikomo. Njia iliyo mbele yetu ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki. Miongoni mwa matoleo yake ni Ubuntu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Halilipiwi leseni, na yako matoleo mengine mepesi zaidi kwa mashine dhaifu. Wala mambo haya si mageni kwa lugha yetu. Mwaka huohuo wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili.

Kuna pingamizi moja ambalo si haki kulipuuza. Mwanafunzi wa somo la Kompyuta hufanya karatasi ya vitendo katika mtihani wa KCSE, na waajiri wengi hutumia programu za Microsoft. Jibu langu ni kwamba shule ibakishe mashine chache zinazoweza kubeba Windows 11 kwa ajili ya mazoezi hayo, na nyingine zote zipewe Linux. Aliyeelewa maana ya jedwali hatapotea kwa sababu kitufe kimehamishwa kutoka kushoto kwenda kulia.

Hatimaye niseme juu ya mchezo wenyewe. Wazee wetu wa Pwani hawakuona haya kukaa barazani wakicheza bao. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, nyingine 10 zikiwa zimepangwa ubaoni, na hekima yote iko katika kujua wakati wa kutoa na wakati wa kuzuia. Michezo ya mikakati ya anga za juu ni bao lililotandazwa katika nyota. Mchezaji hupewa sayari moja na akiba kidogo. Akizimaliza rasilimali zake kwa kuunda merikebu za vita, elimu yake hudumaa. Akiipa elimu kila kitu, jirani humvamia. Uamuzi wa zamu ya kumi huonyesha matokeo yake katika zamu ya mia. Ni mafunzo ya subira na hesabu, tena hayahitaji kiboko.

Shule isiyo na fedha inaweza kuanza na FreeOrion, mchezo usiolipiwa uliobuniwa kwa kufuata nyayo za Master of Orion, nao hufanya kazi kwenye Linux. Uzuri wake mwingine ni kwamba maagizo yake yako wazi. Fikra za mpinzani anayeendeshwa na tarakilishi zimeandikwa kwa lugha ya Python, na mwanafunzi anaweza kuzifungua, kuzisoma na kuzibadili aone kitakachotokea. Huyo hachezi tu. Anasomea uundaji wa programu.

Walimu wa masomo mengine nao wana mavuno yao humo. Anga za juu si hadithi ya mbali kwa mtoto wa Pwani. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco la Waitalia, baharini karibu na Malindi, ikawa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Palichaguliwa hapo kwa sababu ya ukaribu na Ikweta, ambako mzunguko wa dunia, wa takriban kilomita 1,670 kwa saa, huisaidia roketi inayoelekea mashariki. Mwalimu wa Fizikia atataka mfano gani bora zaidi?

Mwalimu wa Historia ana kazi nzito zaidi. Mwaka 1993 mwandishi Alan Emrich, akiueleza mchezo wa Master of Orion, aliifupisha michezo ya aina hiyo kwa vitenzi vinne: kuchunguza, kupanuka, kunyonya rasilimali na kuangamiza. Vitenzi hivyo tunavijua sisi kabla ya tarakilishi kuzaliwa. Katika kaunti yetu ya Kwale mchanga wenye titani ulichimbwa kuanzia mwaka 2013 hadi Desemba 2024, na familia zilihamishwa kuupisha mgodi. Ndani ya mchezo sayari yenye madini aghalabu huwa tupu. Haina minazi ya mtu wala makaburi ya babu. Mwanafunzi wa Msambweni aulizwe: katika mchezo huu, nani amekosekana? Madini yakiisha, sayari hubaki na nini? Akilijibu swali hilo kwa insha ya kurasa mbili, atakuwa amejifunza zaidi ya yule aliyekariri tarehe.

Sisemi milango ifunguliwe ovyo. Mchezo uwe baada ya vipindi, kwa saa moja, chini ya macho ya mwalimu, wanafunzi watatu au wanne kwa mashine moja ili wabishane kabla ya kuamua. Michezo ya kamari isipewe nafasi hata ya dakika moja, kwa kuwa hiyo humfundisha mtoto kutegemea bahati, nami natetea michezo inayomfundisha kupanga.

Nazisihi bodi za shule na vyama vya wazazi: kabla ya kuita gari la vyuma chakavu, aitwe fundi mmoja aorodheshe kila mashine, kumbukumbu yake na diski yake. Zinazofaa zitengenezwe, na zile zilizokufa kabisa zitoe vipuri kwa zilizo hai. Mtoto wa Msambweni anayengoja tarakilishi mpya huenda akamaliza shule angali anangoja, ilhali ile inayomfaa inakaa stoo, imefunikwa vumbi.