Mbawakawa wa Kisimani

Kisiwa cha Mombasa hakina mto wala ziwa. Maji matamu ya Mji wa Kale yalikuwa ya visima na mabirika, na baada ya masika madimbwi machache. Hata hivyo mwindaji wa maji hayo hakosi kufika, maana ana mabawa. Naye ni mbawakawa wa majini. Jamii yake ina aina zaidi ya 4,000 duniani, na wale wakubwa wa Afrika hupata kadiri ya sentimita 3.

Husafiri usiku. Huyajua maji kwa mng'ao wake, na pengine hukutwa asubuhi juu ya kioo cha gari, amedanganyika. Akiisha kuzama, hupiga kasia kwa miguu miwili ya nyuma kwa pamoja, iliyoota nywele. Pumzi yake huichukua chini ya mbawa zake ngumu; ikiisha, hupanda na kutokeza ncha ya tumbo juu ya maji.

Buu wake ni mkali zaidi. Taya zake ni kama mundu, nazo zina tundu mithili ya sindano ya daktari. Humdunga kiumbe, humtia maji ya kuyeyusha nyama, kisha humfyonza. Hula viluwiluwi vya mbu na vya chura, vifaranga vya samaki, hata ndugu zake. Basi afugaye perege humchukia, na mwenye kisima yampasa amshukuru. Lakini buu hugeuka mbawakawa katika udongo wa ukingoni, si majini. Kwa hiyo katika birika la saruji yeye ni mgeni tu, hawezi kuzidi.

Kumwaga mafuta ya taa kisimani, mbali na kuharibu maji, huua mbu na mbawakawa pia, kwani wote huvuta pumzi juu ya maji. Mbu, ambaye hukua kwa siku 10 hivi, ndiye hutangulia kurudi.

Homa ya dengi ilipoenea Mombasa mwaka 2013, na chikungunya mwaka 2017 na 2018, mbu aliyezieneza ni yule azaliaye katika mitungi, mapipa na magurudumu makuukuu ya uani. Huko mbawakawa hafiki ila kwa nadra. Mitungi hiyo hufunikwa, na mapipa humwagwa na kusuguliwa kando kila juma, kwa kuwa mayai ya mbu huyo hunata ukutani hata maji yakikauka.