Kelele za Piano: Shika Bisibisi Kabla ya Kipanya

Riziki yangu natafuta kwa kuandika programu, kwa hiyo huenda ukashangaa nikisema hivi: programu si dawa ya kelele za piano. Wanaorekodi piano halisi, nyumbani au kanisani, huulizana ni programu gani itaondoa mlio wa pedali, mgongano wa vibao na ule mkwaruzo wa kiti. Jibu langu ni moja: weka kipanya chini, shika bisibisi.

Chukua mfano wa Audacity, ambayo ni ya bure. Ili ipunguze kelele, unaichagulia kwanza sehemu yenye kelele tupu. Inajifunza ilivyo, kisha inaipunguza kwenye rekodi nzima. Kwa feni ya tarakilishi inayovuma bila kukoma, hapo kazi inafanyika vizuri. Lakini pedali hailii hivyo. Hulia ghafla, chini ya sekunde moja, huku noti bado inatetemeka. Ukikaza sana, unaiondoa kelele pamoja na uhai wa noti, na piano inasikika kama imezama majini.

Basi anzia kwenye chanzo. Mwombe mtu akanyage pedali polepole, nawe utege sikio. Mara nyingi utakuta skrubu imelegea, springi inasugua au felti imelika. Usimwage mafuta ovyo, maana yakilowesha mbao na felti umejiongezea kazi. Tatizo likiwa ndani zaidi, mwite fundi wa piano. Walio Mombasa wakumbuke pia kwamba unyevu huvimbisha mbao, vibao vikaanza kukwama.

Kisha tazama maikrofoni. Isogeze mbali kidogo na nyundo na pedali, urekodi, usikilize, usogeze tena. Stendi yake iweke juu ya zulia zito, kwa sababu sakafu hupitisha mishindo ya mguu. Kichujio cha masafa ya chini kinasaidia, ila usikate kwa pupa: noti ya chini kabisa ya piano ya vibao 88 iko kwenye hezi 27.5.

Kuna watakaosema kelele hizo ndizo zinazoipa piano utu. Kweli, Nils Frahm aliziacha zisikike katika albamu yake Felt ya mwaka 2011, na inapendeza. Lakini yeye alizichagua. Wewe pedali yako imekuchagulia.

Kwa hivyo, pesa ulizotenga kununua programu ya kusafisha sauti, mpe fundi kwanza. Programu utaifungua upya kwa kila wimbo. Pedali ikitengenezwa leo, nyimbo zako zijazo nazo zitafaidika.