MAUSIA YA MWALIMU: Mwana Anayetaka Kuwa Mtafiti



Dominika moja, baada ya Misa, baba mmoja wa parokia yetu hapa Punia alinishika mkono, akanipeleka kando chini ya mwembe. Mwanawe alikuwa amemaliza masomo ya elimu ya viumbe katika Chuo Kikuu, naye hakutaka kazi nyingine ila kutafiti asili ya magonjwa.

"Mwalimu," akasema, "nimeuza mbuzi, nimeuza mafuta ya mawese, nimelipa karo mwaka hata mwaka. Sasa mtoto amerudi na karatasi mkononi, naye aniambia ya kuwa bado kuna miaka mingine ya kusoma, tena bila mshahara. Wenzake wanachimba kasiteriti, wanaleta chumvi na sabuni nyumbani. Je, mwanangu amepotewa na akili, au mimi ndimi nisiyefahamu?"

Sikumjibu upesi, kwa maana swali lake ni swali la haki. Mtu asidhani ya kuwa baba yule ni adui wa elimu. Aliyeuza mbuzi wake wote kwa ajili ya shule hawezi kuitwa hivyo. Nilimwomba aketi, nikamsimulia habari za mtoto mwingine wa wakulima.

Jean-Jacques Muyembe-Tamfum alizaliwa mwaka 1942 katika nchi za Bandundu. Wazazi wake walikuwa watu wa jembe, naye alisoma katika shule za Mapadre Wayesuiti. Kisha akasomea uganga katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, na baadaye akaenda Leuven, Ubelgiji, alikopata udaktari wa elimu ya virusi mwaka 1973. Angaliweza kutafuta riziki huko ng'ambo. Lakini alirudi.

Naye alirudia nini? Tamaa yake ilikuwa kufanya kazi ya maabara kama alivyofundishwa, lakini vyombo havikuwapo, wala panya wa kujaribia dawa hawakuwapo. Hilo ndilo jaribu la kwanza la kijana mtafiti katika nchi yetu: kujua kazi na kukosa kifaa cha kuifanyia. Wengi huvunjika moyo hapo. Yeye akageuza njia. Kama maabara haimo chumbani, basi na iwe vijijini, kwenye wagonjwa wenyewe.

Mwaka 1976, nchi yetu ilipoitwa Zaire, ugonjwa wa kutisha ulizuka katika misioni ya Yambuku, upande wa kaskazini. Masista waliowahudumia wagonjwa wakafa pamoja nao. Muyembe, mwenye umri wa miaka 34, akatumwa kwenda kutazama. Akawatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, bila mifuko ya mikono, akanawa kwa maji na sabuni tu. Akamshawishi sista mmoja aliyeshikwa na homa wafuatane mpaka Kinshasa, na damu ya sista huyo ikapelekwa Ubelgiji ichunguzwe. Humo ndimo kilimoonekana kirusi kipya, kikaitwa Ebola kwa jina la mto ulio karibu. Katika watu 318 walioshikwa na ugonjwa ule, 280 walikufa.

Basi tazameni jaribu la pili. Damu ilisafiri, na sifa ikasafiri pamoja nayo. Kwa miaka mingi, habari za ugunduzi ule ziliposimuliwa, walitajwa wataalamu wa Ulaya, na yule aliyeshika sindano Yambuku hakutajwa, au alitajwa mwishoni.

Hata hivyo hakuiacha kazi. Mwaka 1995, ugonjwa ulipozuka Kikwit, yeye na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona, 7 wakaishi. Wataalamu wengi hawakusadiki ya kuwa ni damu ile iliyowaponya. Lakini baadaye, kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, ikapatikana dawa iliyojaribiwa hapa mashariki mwa Kongo katika mlipuko wa miaka 2018 hadi 2020, ikaokoa wengi waliofika mapema hospitalini. Mwezi wa Desemba 2020 dawa hiyo ilipata kibali Marekani. Tangu Yambuku hata siku ile ilipita miaka 44. Mti wa namna hii hauzai kwa msimu mmoja.

Baba yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Lakini chumvi, Mwalimu?"

Nami nakiri, wasomaji wapenzi, ya kuwa neno lile lilinichoma. Si haki kumhubiria kijana uvumilivu na kumwacha na njaa. Uvumilivu ni fadhila. Lakini ujira wa mtenda kazi ni deni, na wakubwa wenye kushika fedha za umma watadaiwa deni hilo. Nchi isiyowalisha watafiti wake itanunua elimu kwa wengine, tena kwa bei kubwa.

Ndipo nikampa shauri hili. Kijana na atafute kufundisha elimu ya viumbe katika shule ya sekondari, apate sabuni na chumvi. Jioni, akiisha kupata ruhusa ya wakubwa wa kituo cha afya, aandike katika daftari ni homa gani zinazofika, mwezi gani, kutoka kijiji gani, bila kutaja jina la mgonjwa. Daftari halihitaji umeme. Nafasi ya kuendelea na masomo itakapotokea, hataingia mikono mitupu.

Wala msiseme ya kuwa Maniema hakuna la kutafiti. Mwaka 2007, huko Opala, katika jimbo jirani la Tshopo, watafiti walimwona kima mchanga nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Wenyeji walikuwa wakimwita lesula siku zote. Wataalamu hawakuwa wamemwandika bado. Mwaka 2012 akapewa jina katika vitabu vya elimu. Mangapi mengine yanapita mbele ya macho yetu kando ya mto Lowa, nasi hatuandiki?

Baba yule aliinuka, akapangusa vumbi la suruali. "Daftari nitamnunulia mimi," akasema. "Mengine atafute mwenyewe."

Mtakatifu Alberto Mkuu, msimamizi wa wanaochunguza maumbile, awaombee vijana wetu, na wazazi wanaowangoja.