Rangi mbili za rejareja zinatuponza

UKISIMAMA kwenye duka lolote hapa mtaani kwetu Mutanga Nord, hutakawia kuona jambo hili: mtu anaharisha, anatoa noti, anakatiwa tetrasaiklini mbili, zile za rangi mbili, anaondoka. Haulizwi lolote. Nyingine zimevuka Gatumba au Kobero ndani ya begi moja na vitenge na sabuni. Ndugu zangu wa mipakani msinikasirikie, lakini suala hili linawahusu.

Dawa ikishindwa, wengi husema ni feki. Feki zipo, sibishi. Lakini hata tetrasaiklini halali hushindwa, na sababu moja imejulikana tangu mwaka 1980, pale Stuart Levy na wenzake wa Marekani walipoonyesha kuwa bakteria sugu huitapika. Kwenye utando wa seli yake kuna protini inayofanya kazi kama mtu anayekumba maji mtumbwini: dawa ikiingia inarudishwa nje kabla haijafikia kiasi cha kumdhuru.

La kushangaza ni kwamba bomba hilo hula nguvu, hivyo bakteria haliundi ovyo. Kinachomwamsha aliunde ni dawa yenyewe, tena hata ikiwa kidogo. Vidonge viwili visivyotosha kutibu vinatosha kumwamsha! Wasio na bomba wanapungua, wenye nalo wanazaana, na chembe za urithi za kulitengeneza huhamia kwa bakteria wa jamii nyingine. Yapo pia mabomba yasiyochagua, yanayotoa nje dawa za aina kadhaa, hata ambazo mgonjwa hajawahi kuzimeza.

Kwetu haya si ya maabara tu. Ugonjwa wa kuhara damu ulioanza mashariki ya Zaire mwaka 1979, kisha ukaingia Rwanda na Burundi, uliletwa na bakteria aitwaye Shigella ambaye tayari alikuwa sugu kwa tetrasaiklini na dawa nyingine za kawaida. Waganga wakakimbilia asidi ya nalidiksiki. Miaka ya 1990 nayo ikaanza kushindwa (hapo kwa ujanja mwingine, si bomba pekee), wakati ambao wengi wetu tulikuwa tumebanana kambini tukigombania maji. Waliokuwapo wanakumbuka tulivyozika.

Nionavyo mimi, kuwanyang'anya akina mama mabegi mpakani hakutasaidia kitu. Tangu mwaka 2006 watoto walio chini ya miaka mitano hutibiwa bure katika vituo vya serikali. Mtu mzima asiye na fedha ya dozi kamili ndiye anayeishia dukani. Huyo ndiye serikali imfikirie.

Nanyi mnaouza, acheni kukata karatasi za vidonge. Kuharisha kwingi hakuhitaji antibiotiki kabisa. Uzeni pakiti za chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, japo faida yake ni ndogo. Mteja akisema choo kina damu, mwelekezeni kituo cha afya, hata kama noti imekwisha kufika mkononi.